Huduma yangu inasahau watu na kurudia kazi: je, nianze upya?

*"Nimejifunza kuandika programu mwenyewe. Nimeunda huduma ndogo ya maktaba kwa Python na Flask, zana yake ya kujengea huduma za wavuti. Msomaji anatuma ujumbe wa simu wenye neno AZIMA, huduma inamuuliza jina la kitabu, halafu idadi ya siku, mwisho inaandika kwamba kitabu kimeazimwa. Kampuni inayotupitishia ujumbe huita seva yangu kwa POST (ombi la HTTP la kutuma data) kila ujumbe unapoingia, nami naita anwani yao ili kurudisha jibu. Hatua aliyofikia kila mtu naiweka kwenye kamusi ndani ya programu. Kwenye kompyuta yangu mambo yalikwenda vizuri kabisa. Nilipoipandisha kwenye seva, chini ya Gunicorn, programu inayoendesha huduma kwa wafanyakazi kadhaa, yenye wafanyakazi 4 na nyuzi 2 (njia za kazi zinazokwenda sambamba) kwa kila mmoja, yakaharibika. Mara inamkumbuka mtu, mara inamuuliza upya. Nikipandisha toleo jipya, wote wanarudi mwanzo. Kitabu kimoja kiliandikwa mara mbili kwa mtu yuleyule. Na juzi mtu mmoja alipata jibu la mwenzake. Rafiki mmoja ananiambia nitumie Redis, mwingine Kafka na kuigawa programu vipande vipande, wa tatu anasema faili la JSON linatosha. Nianze upya?"*

Hapana, usianze upya. Kwa jinsi ulivyoieleza, sehemu kubwa ya kazi yako iko sawa. Dalili zako nne zinatokana na vyanzo vitatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa na Kafka.

Kabla ya maelezo, kuna jambo la kufanya leo. Mtu kupata jibu la mwenzake ni kosa zito kuliko mengine yote uliyoyataja, maana hapo taarifa za mtu zimemfikia asiyehusika. Ipunguze Gunicorn iwe na mfanyakazi 1 na uzi 1. Huduma itakuwa ya polepole, na ujumbe uliorudiwa huenda ukaongezeka kidogo kwa sababu nitakayoieleza mbele, lakini watu wataacha kuchanganywa, na kusahau kutabaki pale tu unapoizima na kuiwasha. Hii si dawa. Ni kukupa nafasi ya kurekebisha bila presha.

Sasa tuanze na kusahau. Wengi wanaojifunza kwa kuandika na kujaribu hupata picha kwamba "seva inamkumbuka mtu". Seva haimkumbuki mtu yeyote. Itifaki ya HTTP yenyewe imejengwa hivyo: kila ombi hujitegemea, na linapokwisha kujibiwa, hakuna sehemu ya itifaki inayobaki ikijua kwamba lilikuwapo. Tovuti zinazokukumbuka zinafanya hivyo kwa vidakuzi, vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari huvituma tena kwa kila ombi, vilivyobuniwa na Lou Montulli mwaka 1994 pale Netscape, wakati wavuti ilikuwa tayari imeshazaliwa na kutembea. Kwako hakuna kivinjari wala kidakuzi. Kinachofanya kazi hiyo ni namba ya mtumaji inayokuja na kila ujumbe. Namba inakwambia *nani* anazungumza. *Amefikia wapi* ni wewe unayepaswa kuliandika mahali.

Wewe uliliandika kwenye kamusi ya Python, na kamusi hiyo inaishi ndani ya kumbukumbu ya mchakato mmoja, yaani nakala moja ya programu inayoendeshwa. Ulipokuwa nyumbani, seva ya majaribio ya Flask ilikuwa ikihudumia maombi yote kutoka mchakato mmoja, kwa hiyo kamusi ilikuwa moja na udanganyifu ukakamilika. Gunicorn inapoanzisha wafanyakazi 4, inaanzisha michakato minne iliyotengana, na mfumo wa uendeshaji unahakikisha hakuna unaoona kumbukumbu ya mwenzake. Ni sawa na ofisi yenye madirisha manne ambapo kila karani ana daftari lake la mfukoni. Ukirudi na kuangukia dirisha jingine, unaulizwa upya jina lako.

Hesabu yake ni rahisi. Kama maombi yangegawanywa sawasawa, uwezekano wa ujumbe wako wa pili kumwangukia mfanyakazi aliyepokea wa kwanza ni 1 kati ya 4. Mazungumzo ya ujumbe mitatu yatakamilika bila kukatika mara 1 kati ya 16. Kwa kweli maombi hayagawanywi sawasawa. Watu wakiwa wachache, mfanyakazi mmoja mara nyingi hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake. Ndiyo maana kwako inakumbuka "mara nyingine", kiasi cha kukufanya udhani ni hitilafu ya kubahatisha. Haibahatishi. Na ukipandisha toleo jipya, michakato yote minne inauawa na madaftari yote manne yanakwenda nayo.

Kuhusu majibu kwenda kwa mtu asiye wake: sijaona msimbo wako, lakini huduma ya aina hii ikichanganya watu, mahali pa kwanza ninapotazama ni juu kabisa ya faili, nje ya funksheni zote. Tafuta jina linalofanana na `mtumaji_wa_sasa`, au neno `global`. Nyuzi mbili za mfanyakazi mmoja, tofauti na wafanyakazi wenyewe, zinatumia kumbukumbu ileile. Uzi wa kwanza unaandika namba ya mtu wa kwanza, halafu unasubiri mtandao. Wakati unasubiri, uzi wa pili unapokea ujumbe mwingine na kuandika namba ya mtu wa pili juu ya ile ya kwanza. Wa kwanza unaamka, unasoma namba iliyopo, na jibu linaondoka kwenda kusikohusika.

Utasikia watu wakisema Python ina kufuli la ndani, GIL, linalozuia nyuzi kuingiliana. Kufuli hilo linalinda mambo ya ndani ya Python. Halilindi mantiki yako, na huachiliwa kila uzi unaposubiri mtandao, yaani pale hasa ulipo hatarini. Dawa ni moja: chochote kinachohusu ombi moja kipitishwe kama hoja (thamani inayopewa funksheni inapoitwa) kutoka funksheni hadi funksheni. Nje ya funksheni yabaki yale tu yasiyobadilika, kama jina la hifadhidata au orodha ya amri.

Tatizo la tatu, kitabu kuandikwa mara mbili, ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi, kwa sababu ukilielewa hili utajua huduma nzima ijengwe vipi.

Kampuni inayokupitishia ujumbe haina njia ya kujua kama umeupokea, isipokuwa jibu lako la HTTP. Wakiita seva yako na wasipate jibu la kundi la 200 (namba za HTTP zinazomaanisha ombi limepokewa vizuri) katika muda waliouweka, wana mambo mawili tu ya kuchagua: kunyamaza, na huenda ujumbe ukapotea, au kutuma tena, na huenda ukaupata mara mbili. Wengi huchagua kutuma tena, na wako sahihi. Tazama sasa programu yako. Inapokea ujumbe, inaandika uazimaji, inaita anwani ya kampuni ileile ili kutuma jibu kwa msomaji, inasubiri, na mwisho ndipo inarudisha 200. Siku mtandao ukiwa mzito, kule kusubiri kunamaliza muda wao. Wao wanaona umekaa kimya, wanatuma tena, nawe unaandika uazimaji wa pili. (Ndiyo sababu nilisema mfanyakazi mmoja anaweza kuongeza marudio: maombi yatapanga foleni nyuma ya kusubiri huko.)

Usipoteze muda kutafuta mpangilio utakaohakikisha kila ujumbe unafika mara moja tu, si zaidi wala pungufu. Kati ya mashine mbili zinazounganishwa na mtandao unaoweza kukatika, ahadi hiyo haiwezi kutolewa na upande wa kutuma peke yake. Kinachowezekana ni wao kutuma angalau mara moja, nawe kuhakikisha kwamba kupokea mara tano kuna matokeo yaleyale ya kupokea mara moja. Kazi hiyo iko upande wako, na nyenzo unayo: kwa kawaida kila ujumbe kutoka kwao huja na kitambulisho chake, na kitambulisho hicho hakibadiliki ujumbe unapotumwa tena. Kitafute kwenye nyaraka zao. Usijaribu kutambua marudio kwa kulinganisha maneno na muda, kwa sababu mtu ana haki ya kuandika "3" mara mbili mfululizo kwa maswali mawili tofauti.

Tukiyaweka pamoja, unahitaji hifadhidata moja na majedwali machache. Mfano:

```
CREATE TABLE hali (
  mtumaji      TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  hatua        TEXT NOT NULL,
  data         TEXT NOT NULL,
  imebadilika  TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE ujumbe_ulioingia (
  kitambulisho TEXT NOT NULL PRIMARY KEY,
  umeingia     TEXT NOT NULL
);
CREATE TABLE majibu (
  namba        INTEGER PRIMARY KEY,
  mtumaji      TEXT NOT NULL,
  maneno       TEXT NOT NULL,
  limetumwa    INTEGER NOT NULL DEFAULT 0
);
```

Jedwali la vitabu na la uazimaji nadhani tayari unayo. Ujumbe ukiingia, fungua muamala mmoja wa hifadhidata, yaani kundi la maandishi linalokubaliwa lote au kukataliwa lote. Ndani yake, kwanza ingiza kitambulisho kwenye `ujumbe_ulioingia` kwa `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING` (ingiza, na kikiwapo tayari usifanye kitu), kisha angalia kama kuna mstari uliongezeka. Kama haukuongezeka, ujumbe huu ulishashughulikiwa: funga muamala, rudisha 200, usifanye kingine. Kama umeongezeka, soma hali ya mtumaji, amua la kufanya, andika hali mpya, andika uazimaji kama upo, na andika jibu kwenye jedwali la `majibu` *bila kulituma*. Funga muamala kwa COMMIT, amri inayothibitisha yote yaliyoandikwa. Rudisha 200.

Kulituma jibu ni kazi ya programu nyingine ndogo, inayozunguka ikitafuta majibu yasiyotumwa, kuyatuma na kuyawekea alama. Kwa mistari michache ya msimbo umepata foleni, na hujasakinisha kitu.

Jiulize sasa umeme ukikatika katikati itakuwaje. Ukikatika kabla ya COMMIT, hifadhidata inafuta kila kitu cha muamala ule, pamoja na kile kitambulisho. Kampuni haikupata 200, itatuma tena, nawe utaanza upya kwenye ukurasa safi. Ukikatika baada ya COMMIT lakini kabla ya 200, kampuni itatuma tena, kitambulisho kitakutwa kipo, utarudisha 200 na mambo yameisha. Kule kurudia kulikokuwa kukikuumiza sasa ndiko kunakokulinda. Hilo linawezekana kwa sababu moja tu: kitambulisho, hali na uazimaji vinaandikwa pamoja au haviandikwi kabisa. Ukiviweka mahali pawili tofauti, ulinzi huo umeondoka.

Limebaki tundu dogo, na sitakuficha. Programu inayotuma majibu inaweza kufa baada ya kutuma na kabla ya kuweka alama, kwa hiyo msomaji akapata jibu mara mbili. Tundu hilo haliwezi kuzibwa kabisa kutoka upande wako, ila kama kampuni inapokea kitambulisho chako katika kutuma na kukataa marudio. Mimi ningeliacha. Jibu lililorudiwa linamkera mtu kidogo, wakati kitabu kilichoazimwa mara mbili kinaharibu hesabu ya maktaba. Na kama kampuni yenu inaruhusu jibu kurudishwa moja kwa moja ndani ya jibu la HTTP, tumia njia hiyo. Hifadhi maneno ya jibu pamoja na kitambulisho, na ujumbe ukirudiwa rudisha maneno yaleyale. Jedwali la `majibu` na programu yake hutavihitaji tena.

Tugeukie washauri wako watatu.

Mwenye faili la JSON ana nia nzuri ya kurahisisha, lakini kwa michakato minne faili hilo litakuumiza. Wawili watalisoma kwa wakati mmoja, kila mmoja ataongeza lake, na wa mwisho kuandika atafuta la mwenzake. Mchakato ukifa katikati ya kuandika, unabaki na nusu faili lisilosomeka. Ukianza kutengeneza makufuli na nakala za muda ili kuzuia hayo, unajikuta unaandika hifadhidata yako mwenyewe, tena mbovu. Kwa urahisi uleule, tumia SQLite. Ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, data yote inakaa kwenye faili moja, haihitaji seva, na imo ndani ya Python tayari. Waundaji wake wenyewe husema haishindani na hifadhidata kubwa za seva. Inashindana na kitendo cha kufungua faili na kuandika. Wewe uko hapo hasa.

Redis ni chombo kizuri, na hali ya mazungumzo ingekaa humo bila shida. Lakini hutunza data kwenye kumbukumbu, na kwa mipangilio yake ya kawaida huinakili diskini baada ya vipindi, kwa hiyo mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza maandishi ya karibuni. Hilo linarekebishika kwa mipangilio. Lisilorekebishika ni kwamba hali itakuwa Redis na uazimaji kwenye hifadhidata nyingine, na huwezi kuviandika kwa muamala mmoja. Ungepoteza faida niliyoieleza hapo juu ili upate kasi usiyoihitaji.

Kafka ilizaliwa LinkedIn na kutolewa wazi mwaka 2011 kwa ajili ya mikondo mikubwa mno ya data inayosomwa na mifumo mingi kwa pamoja. Maktaba ndogo haina mkondo wa namna hiyo. Na kuigawa programu vipande vipande husaidia pale timu kadhaa zinapogongana kwenye msimbo mmoja. Wewe ni mmoja.

Swali la kweli ni SQLite au PostgreSQL, hifadhidata inayoendeshwa na seva yake. SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Kwa miamala mifupi kama yako, mwandishi mmoja anatosha kuhudumia watu wengi kuliko unavyodhani. Washa hali ya WAL (mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) kwa `PRAGMA journal_mode=WAL` ili wasomaji wasizuiwe na mwandishi, na anza miamala yako kwa `BEGIN IMMEDIATE` ili kufuli la kuandika lichukuliwe mwanzoni. Ukianza kwa kusoma na kutaka kuandika baadaye, unaweza kukataliwa katikati ya safari. Jambo dogo linalosumbua wengi: moduli ya `sqlite3` ya Python hufungua miamala yenyewe kwa siri, hivyo weka `isolation_level=None` unapounganisha, na BEGIN na COMMIT uziandike mwenyewe.

Kuna hali mbili ambazo ningekuambia nenda moja kwa moja kwenye PostgreSQL. Ya kwanza, kama huduma itaendeshwa kwenye mashine zaidi ya moja, maana WAL haifanyi kazi juu ya diski inayoshirikiwa kwa mtandao. Ya pili, ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa, ni kama mahali unapoweka programu hufuta diski kila unapopandisha toleo jipya. Sehemu nyingi za kukodi hufanya hivyo. Weka faili tupu karibu na programu, pandisha toleo jipya, na uangalie kama faili bado lipo. Kama halipo, SQLite haikufai hapo. Ukienda PostgreSQL, mpango ni uleule. Badala ya `BEGIN IMMEDIATE` utausoma mstari wa mtumaji kwa `SELECT... FOR UPDATE`, ili ujumbe wake wa pili usubiri wa kwanza umalizike. Kwa mtumaji mpya ambaye hana mstari hakuna cha kufungia, basi uingize mstari wake wa mwanzo kwa `ON CONFLICT DO NOTHING` kabla ya kuusoma.

Sasa uelekezaji wa ujumbe. Hukuuliza, lakini nina hakika utakuumiza ukishamaliza haya mengine. Flask inaelekeza maombi kwa njia ya anwani na aina ya ombi. Kwako hiyo inaishia mlangoni: `POST /ujumbe`, basi. Usitengeneze anwani moja ya kila hatua, kwa sababu anayechagua anwani ni kampuni, na kampuni haijui msomaji amefikia wapi. Uelekezaji wako wa kweli unaanza ndani, na mpangilio wake una maana kubwa.

Wengi hutazama neno la kwanza la ujumbe kabla ya kitu kingine: likiwa AZIMA nenda huku, likiwa RUDISHA nenda kule. Halafu siku moja huduma inamuuliza mtu jina la kitabu, naye anaandika jina linaloanza na neno "Rudisha", na huduma inaanza kumsaidia kurudisha kitabu ambacho hajakichukua. Angalia kwanza amri chache sana zinazotakiwa kufanya kazi popote, kama FUTA na MSAADA, na uzikubali pale tu ujumbe mzima ni neno hilo peke yake. Pili, angalia hatua ya mtumaji. Kama yuko katikati ya mazungumzo, ujumbe wake ni jibu la swali ulilomuuliza, hata ukifanana na amri. Akiwa hana mazungumzo yanayoendelea, ndipo utazame neno la kwanza.

Kabla ya kulinganisha chochote, safisha: ondoa nafasi za mwanzo na mwisho, geuza herufi ziwe za aina moja, na namba ya simu iandike kwa muundo mmoja. Namba ileile ikija leo na alama ya kujumlisha na kesho bila hiyo alama, kwa hifadhidata ni watu wawili, na utarudi kulalamika kwamba huduma inasahau.

Kila hatua ipe funksheni yake inayopokea hali na maneno, na kurudisha hali mpya pamoja na jibu. Isiguse mtandao. Isifungue hifadhidata. Ikihitaji kujua kama kitabu kipo, ipe jibu hilo kama hoja. Ukifanya hivi utaweza kujaribu mazungumzo mazima kwenye kompyuta yako bila seva wala simu.

Jina la hatua liandike kwa maneno, kama `anasubiriwa_jina`, usiandike 1, 2, 3. Siku utakapoongeza swali jipya katikati, waliokuwa kwenye "hatua ya 2" ya zamani watajikuta kwenye swali lisilo lao. Na toleo jipya likikuta jina la hatua lisilolijua, lisianguke. Limrudishe mtu mwanzo na kumwambia hivyo kwa adabu. Vilevile amua mazungumzo yaliyoachwa njiani yaishi muda gani. Mtu aliyeulizwa idadi ya siku akapotea wiki nzima, kisha akaandika AZIMA, hatafurahi kuambiwa "hiyo si namba". Linganisha `imebadilika` na saa ya sasa, zote kwa UTC, na muda ukipita anza upya.

Usichanganye hali ya mazungumzo na rekodi zenyewe. Ya kwanza ikipotea, mtu ataandika tena ujumbe mmoja. Rekodi ya uazimaji ikipotea, kitabu kimepotea. Kwa hiyo idadi ya nakala usiihesabu kwenye Python na kuirudisha. Iache hifadhidata iamue: `UPDATE vitabu SET nakala = nakala - 1 WHERE namba = ? AND nakala > 0`. Kama hakuna mstari uliobadilika, nakala zimekwisha, na hakuna watu wawili watakaopewa nakala moja ya mwisho.

Zile alama za kuuliza si urembo. Maneno ya watu yasiunganishwe kamwe ndani ya sentensi ya SQL, lugha ya hifadhidata, kwa alama ya kujumlisha. Angalia pia kama kampuni husaini maombi yake, mara nyingi kwa HMAC na SHA-256, njia ya kutia saini kwa ufunguo wa siri. Kama hufanya hivyo, hakiki saini juu ya baiti za mwili wa ombi kama zilivyofika, kabla ya kuzigeuza chochote, na ulinganishe kwa `hmac.compare_digest`. Bila hivyo, yeyote anayeijua anwani yako anaweza kujifanya msomaji yeyote. Nakala rudufu za SQLite zichukue kwa amri ya `.backup` au `VACUUM INTO`; kunakili faili tu wakati programu inaandika kunaweza kukupa nakala iliyoharibika, na hutajua hadi siku unayoihitaji.

Kabla ya kuwarudisha wafanyakazi 4, ivuruge mwenyewe. Tuma ujumbe mmoja wenye kitambulisho kilekile mara kumi kwa `curl` (programu ya kutuma maombi ya HTTP), kisha hesabu mistari ya uazimaji. Tuma ujumbe miwili tofauti wa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Weka usingizi wa sekunde kumi kabla ya COMMIT, uue mchakato kwa `kill -9` ungali umelala, uuwashe, utume ujumbe uleule. Ikipita hapo, wafanyakazi wanne hawatakusumbua tena.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Lile jibu lililokwenda kwa mtu mwingine lisiishie kwako na kwangu: mweleze anayeisimamia maktaba, mkaangalie pamoja ni taarifa gani zilitoka na kwa nani. Sheria za ulinzi wa data za nchi nyingi zina muda maalumu wa kutoa taarifa katika mambo kama haya, na anayejua zinazowahusu ninyi ni mtu wa sheria aliye karibu nanyi. Na kama huduma itaanza kupokea faini au malipo yoyote, au kuhifadhi taarifa za watoto au za afya, usiendelee peke yako. Tafuta mtu aliyewahi kuendesha mfumo unaotumiwa na watu, akae kando yako na msimbo ukiwa wazi, mpite naye mstari kwa mstari. Katika kila mstari akuulize: programu ikifia hapa, nini kinapotea na nini kinajirudia? Pale utakaposhindwa kumjibu ndipo kazi yenu ianzie.